Karatasi Chakavu Irudi Nyumbani: Namna ya Kuchagua Karatasi za Matumizi ya Kila Siku

Matini ya mazungumzo ya elimu ya mazingira kwa mkutano wa wakazi wa kata



Kila kaya katika kata hununua karatasi, hata ile inayodhani hainunui. Mwanafunzi huhitaji madaftari kila mwanzo wa muhula. Muuza duka hufunga bidhaa katika mfuko wa kaki. Mfugaji wa kuku hupeleka mayai sokoni katika trei. Mgeni akija, tishu za mezani huwekwa kando ya sahani. Na chooni, hata katika nyumba nyingi zinazotumia maji, karatasi huwekwa kwa ajili ya mwenye kuihitaji. Vitu hivyo hununuliwa kwa fedha ndogondogo, kwa hiyo ni nadra mtu kuuliza vimetoka wapi. Huulizwa bei tu, na pengine huangaliwa weupe.

Mazungumzo haya yanaleta swali jingine. Karatasi hiyo imetengenezwa kwa mti uliokatwa kwa ajili yake, au kwa karatasi nyingine iliyokwisha kutumika? Tofauti hiyo haionekani kwa urahisi, lakini uzito wake ni mkubwa kwa msitu, kwa dampo na kwa mkazi anayekusanya makaratasi ili apate chakula cha watoto. Hoja yenyewe ni fupi. Karatasi itakayotumika mara moja na kutupwa haina sababu ya kugharimu mti mpya. Na karatasi chakavu haina thamani mpaka apatikane mtu wa kununua kile kilichotengenezwa kwayo.

Mti unavyokuwa karatasi

Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, kuna shamba la miti la Serikali la Sao Hill. Katika wilaya hiyohiyo, eneo la Mgololo, kuna kiwanda kinachotengeneza karatasi kwa kutumia misonobari, ambayo wengi huiita mipaina. Msonobari wa Nyanda za Juu Kusini hukaa shambani kati ya miaka 18 na 25 kabla ya kuvunwa. Mtoto aliyezaliwa siku mche ulipotiwa ardhini huwa amekuwa mtu mzima siku mti unapoangushwa.

Gogo likifika kiwandani humenywa gome, hukatwakatwa vipande vidogo, kisha huchemshwa pamoja na kemikali katika mitungi mikubwa yenye shinikizo. Kinachotafutwa ni nyuzi, yaani vile vijiuzi vyembamba vinavyoujenga mti. Katika njia hiyo ya kuchemsha, takriban nusu tu ya uzito mkavu wa mti hugeuka kuwa nyuzi za karatasi. Nusu nyingine, ambayo sehemu yake kubwa ni gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi, huyeyuka, na aghalabu huchomwa kiwandani humohumo ili kupata nishati. Kwa maneno mengine, kilo moja ya karatasi ya namna hiyo hutaka takriban kilo mbili za mti mkavu.

Kuvuna miti iliyopandwa si kosa. Miti hupandwa ili ivunwe, na yenye kuitegemea ni maelfu ya familia za wakulima wa miti. Jambo la kuzingatia ni matumizi yanayostahili. Mti uliosubiriwa miaka ishirini unafaa kuwa mbao za paa, nguzo ya umeme, kitabu kitakachosomwa na watoto wengi, au boksi imara la kusafirishia mizigo. Kuugeuza mti huo kuwa tishu ya kufutia mdomo, itakayoishi nusu dakika kisha itupwe, ni sawa na kupasua ubao wa mninga ili kuwashia jiko. Jiko litawaka, lakini hesabu haikupigwa vizuri.

Nyuzi zina umri

Karatasi iliyotumika bado ina nyuzi zilezile zilizotoka katika mti. Ikilowekwa na kukorogwa, nyuzi hizo huachiana na kuwa rojo, na rojo hiyo huweza kutandazwa na kukaushwa kuwa karatasi upya. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa urejelezaji. Hata hivyo, kila mzunguko huzifupisha nyuzi na kuzidhoofisha. Kwa kawaida nyuzi huweza kurejelezwa kati ya mara 5 na 7, kisha huwa fupi mno na hupotea pamoja na maji machafu ya kiwanda. Ndiyo sababu dunia haiwezi kuishi kwa karatasi chakavu peke yake. Lazima nyuzi mpya ziingie mahali fulani katika mzunguko.

Jambo hilo linaonyesha mpangilio wa busara. Nyuzi mpya na ndefu ziende kwenye vitu vinavyohitaji nguvu na vitakavyorudi: vitabu, karatasi za ofisini, maboksi imara. Nyuzi zilizozeeka na kufupika ziende kwenye vitu visivyohitaji nguvu na visivyorudi tena: karatasi za chooni, tishu za mezani, trei za mayai. Karatasi ya chooni ni kituo cha mwisho cha safari. Baada ya hapo hakuna atakayeikusanya. Kwa hiyo, anayenunua karatasi ya chooni iliyotokana na mti mpya huziingiza nyuzi changa moja kwa moja katika kituo cha mwisho, bila kuzipa nafasi ya kufanya kazi nyingine hata moja.

Shaka ya usafi

Wapo wanaosita kununua karatasi iliyorejelezwa kwa kuhofia kwamba si safi. Shaka hiyo inastahili jibu, kwa kuwa jambo lenyewe linahusu mwili.

Kwanza, karatasi iliyotumika chooni hairudi kiwandani. Malighafi ya viwanda vya tishu ni makaratasi ya ofisini, madaftari, magazeti, vitabu vya zamani na mabaki ya viwanda vya uchapaji. Makaratasi hayo hutiwa katika pipa kubwa lenye maji na mapanga yanayozunguka. Pini za chuma, nailoni na mchanga huchujwa. Kisha rojo hutiwa dawa jamii ya sabuni na kupulizwa hewa; chembe za wino hunasa kwenye mapovu na kupanda juu, nayo mapovu hukusanywa na kuondolewa, kama mpishi anavyoengua povu la maharage yanayochemka. Rojo husuuzwa, hutandazwa, na hatimaye hukaushwa juu ya pipa kubwa la chuma linalopashwa moto kwa mvuke. Kinachofika dukani ni nyuzi zilizooshwa na kukaushwa kwa joto kali.

Pili, historia yenyewe ya karatasi ni historia ya kutumia vitu upya. Mapokeo ya China yanasema kwamba katika mwaka 105 B.K. ofisa wa ikulu aliyeitwa Cai Lun alitengeneza karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za uvuvi. Kwa karne nyingi Ulaya nayo ilitengeneza karatasi kwa matambara yaliyonunuliwa mitaani. Mwaka 1800, huko London, Matthias Koops alipewa hataza ya njia ya kuondoa wino katika karatasi zilizochapwa ili zitengenezwe upya. Utaalamu wa kusaga mbao kuwa karatasi ulikuja baadaye, kutokana na kazi ya Mjerumani Friedrich Gottlob Keller katika mwaka 1844. Kwa hiyo anayenunua karatasi iliyorejelezwa hafuati fasheni mpya. Kitu kuukuu ndicho kilichoanza kuwa karatasi. Mti ndio uliokuja nyuma.

Kusoma alama za dukani

Mnunuzi anapoamua kuchagua, hukutana na maneno na michoro mingi kwenye pakiti. Baadhi yake yana maana, mengine ni pambo tu.

Maneno kama "rafiki wa mazingira" au picha ya jani la kijani hayathibitishi lolote. Alama ya mishale mitatu inayofuatana kwa duara nayo huhitaji kusomwa kwa makini. Mishale hiyo ikiwa peke yake inaweza kumaanisha tu kwamba bidhaa inaweza kurejelezwa baada ya kutumika, jambo ambalo kwa karatasi ya chooni halina maana. Inapoambatana na asilimia, kama 80% au 100%, ndipo inapoeleza ni sehemu gani ya bidhaa iliyotokana na karatasi chakavu. Asilimia ndiyo ya kutafutwa.

Pakiti nyingine huwa na nembo ya mti yenye herufi FSC, inayotolewa na shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu. Nembo hiyo ina aina tatu, na tofauti yake huwachanganya wengi. Iliyoandikwa FSC Recycled maana yake ni kwamba malighafi yote ni ya kurejelezwa. Iliyoandikwa FSC Mix maana yake ni mchanganyiko. Iliyoandikwa FSC 100% haina maana ya karatasi chakavu kabisa. Maana yake ni kwamba nyuzi zote ni mpya na zimetoka katika misitu iliyothibitishwa kusimamiwa vizuri. Ni sifa njema, lakini ni sifa ya jambo jingine.

Alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, huonyesha kwamba bidhaa imekidhi kiwango cha ubora. Haielezi chanzo cha nyuzi. Mnunuzi aitafute alama hiyo kwanza, halafu atafute asilimia. Ikiwa pakiti haisemi chochote, amuulize mwenye duka, na mwenye duka amuulize msambazaji wake. Swali linaloulizwa na wateja kumi kwa wiki moja hufika kwa muuzaji wa jumla.

Rangi isimdanganye mtu

Wengi huamini kwamba karatasi ya kaki ni ya kurejelezwa na nyeupe ni ya mti mpya. Si lazima iwe hivyo. Karatasi ya kaki inayotokana na misonobari ina rangi hiyo kwa sababu haikupaushwa, wala si kwa sababu imezeeka. Tangu katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lilipoanza kutekelezwa nchini tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imezoeleka madukani, na baadhi yake ni mti mpya kabisa. Mfuko huo ni imara. Utumike mara nyingi, ukunjwe na kuhifadhiwa, usitupwe baada ya safari moja kutoka dukani. Vivyo hivyo, tishu nyeupe inaweza kuwa imetokana na makaratasi ya ofisini ambayo yalikuwa meupe tangu awali.

Weupe na usafi ni mambo mawili tofauti. Tishu yenye rangi ya kijivu kidogo ni safi sawa na ile ing'aayo. Manukato na rangi za maua huongezwa kwa ajili ya pua na macho, na huweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa tishu nyingi zinazong'aa, methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Mzani na chupa ya maji

Bei ya roli moja haielezi thamani yake, kwa sababu roli hutofautiana kwa wingi wa karatasi. Roli huweza kufungwa kwa kulegezwa ili ionekane nene, au kuwekewa kiini kipana cha boksi. Njia ya haki ni kupima uzito. Mathalani, roli ya kwanza inauzwa shilingi 700 na ina gramu 100, na ya pili inauzwa shilingi 500 na ina gramu 60. Ya kwanza ni shilingi 7 kwa gramu. Ya pili ni zaidi ya shilingi 8. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Mwenye duka anayepima sukari ana mzani wa kumaliza ubishi huo. Karatasi iliyorejelezwa ilinganishwe na nyingine kwa mzani, na mara nyingine mnunuzi atagundua kwamba haimgharimu zaidi.

Kwa nyumba zenye choo cha kuvuta maji, kuna jaribio jingine. Vipande viwili vya karatasi hutiwa katika chupa yenye maji hadi nusu, kisha chupa hutikiswa. Karatasi ifaayo chooni hufumuka na kuwa rojo. Tishu za mezani na karatasi za jikoni aghalabu hazifumuki, kwa kuwa huwekewa dawa ya kuzifanya zivumilie maji. Tishu za majimaji za kufutia watoto mara nyingi huwa na nyuzi za plastiki ndani yake. Zote hizo zisitupwe katika choo cha kuvuta, hata kama zimerejelezwa, maana huziba mabomba, na gari la kunyonya majitaka halitozi ada ndogo.

Pasipofaa karatasi chakavu

Kusifu karatasi iliyorejelezwa kusimfanye mtu aitumie kila mahali. Mambo mawili yanahitaji tahadhari.

La kwanza ni chakula. Ni desturi ya siku nyingi kufunga maandazi, vitumbua, karanga na chipsi katika gazeti au karatasi ya daftari lililoandikwa. Huko si kurejeleza. Karatasi hiyo haikuoshwa wala kuondolewa wino, na imepita katika mikono mingi. Wino wa magazeti aghalabu huwa na mafuta yenye asili ya petroli, na kitumbua cha moto chenye mafuta huyanyonya. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya India, nchi yenye desturi kama hiyo, ilitoa tahadhari ya kitaifa dhidi ya kufunga chakula kwa magazeti. Mama lishe na baba lishe watumie sahani, jani la mgomba lililooshwa, au karatasi iliyotengenezwa mahususi kwa chakula. Gazeti likishasomwa lipelekwe kwa mkusanyaji.

La pili ni trei za mayai. Trei ya karatasi, ile ya mayai 30, ni mfano bora wa urejelezaji, kwa kuwa hufinyangwa kwa rojo ya magazeti na maboksi. Lakini haioshwi. Trei iliyopita kwenye banda lenye mdondo, ambao wengine huuita kideri, huweza kuupeleka ugonjwa huo katika banda la jirani. Mfugaji asirudishe bandani trei za karatasi zilizotoka sokoni. Zile zilizochoka lakini kavu na safi ziuzwe kama karatasi chakavu. Zilizochafuka kwa mayai au kinyesi zichanwe na kuchanganywa kwenye mboji, mbali na kuku.

Nusu ya pili ya kazi

Hadi hapa mazungumzo yamemhusu mnunuzi. Lakini mnunuzi na mkusanyaji ni ncha mbili za kamba moja.

Kiwanda hununua boksi na karatasi chakavu kwa kilo ili kitengeneze bidhaa. Bidhaa zisiponunuliwa, kiwanda hupunguza ununuzi. Mchuuzi wa kati naye hushusha bei. Kijana mwenye mkokoteni huona kwamba kutembea kutwa nzima hakumrudishii hata gharama ya chakula cha mchana, huiacha kazi na kutafuta nyingine. Maboksi aliyokuwa akiyaondoa hubaki nyuma ya maduka. Mvua ya masika inapofika, huingia mtaroni, hulowa, huziba, na maji huingia nyumbani mwa watu. Mkazi anayelalamikia mtaro ulioziba na yule anayechagua tishu dukani huenda wasijue kwamba wanashughulikia jambo moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Wajibu huo hautimizwi kwa gari la taka peke yake. Karatasi hupoteza thamani mara inapochanganywa na maganda ya ndizi na maji ya vyombo. Hakuna gari linaloweza kuirudishia thamani hiyo dampo. Mahali pa kuiokoa ni nyumbani.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kila kaya iwe na kiroba kimoja cha makaratasi, kitundikwe mahali pakavu, pasipofikiwa na mvua wala mifugo. Karatasi nyeupe za madaftari zikitengwa na maboksi, bei yake hupatana vizuri zaidi. Maboksi yafunguliwe na kulazwa ili yasichukue nafasi. Kamwe yasilowekwe ili kuongeza uzito. Mnunuzi huijua hila hiyo, na kundi zima la wakusanyaji huharibiwa jina kwa kosa la mmoja.

Vipo visivyotakiwa kirobani: tishu zilizotumika, maboksi yaliyolowa mafuta, na pakiti za maziwa au juisi zenye utando wa nailoni ndani. Kadhalika risiti za mashine za EFD. Risiti hizo huchapwa kwa joto, wala si kwa wino. Karatasi yake hupakwa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo, za jamii ya bisifenoli, si njema zikiingia katika rojo ya kutengenezea tishu. Mnunuzi aidai risiti kama sheria inavyotaka, aihifadhi kadiri anavyoihitaji, lakini asiichanganye na karatasi za kuuza.

Makaratasi yasichomwe uani. Moshi wake huwakera majirani na kuwadhuru wenye pumu, na kinachoteketea ni mali. Wahenga walisema akiba haiozi. Karatasi kavu ni akiba. Ikishawekewa kiberiti, imekwisha.

Vijana, kina mama na watu wenye ulemavu wanaotaka kuifanya kazi hii kwa pamoja wana mlango wa kubisha. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha kukusanya, kuchambua na kuuza karatasi chakavu kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote, mradi kiwe kimesajiliwa na kina andiko la mradi linaloeleweka. Mzani, mkokoteni na banda lisilovuja ndivyo vitu vya kuanzia. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye wa kuonwa kuhusu usajili na namna ya kuandaa andiko.

Wanunuzi wakubwa

Kaya moja hununua kidogo, lakini shule, zahanati, nyumba za wageni, nyumba za ibada, kumbi za harusi na ofisi za umma hununua kwa wingi. Kamati ya harusi inayoagiza tishu za mezani kwa wageni mia tatu ina sauti kubwa kuliko mtaa mzima. Mwalimu Mkuu akiagiza karatasi za chooni kwa ajili ya wanafunzi, aandike katika oda yake kwamba anataka zilizorejelezwa, na asilimia itajwe. Ofisi za umma, ikiwamo ya kata, hazina udhuru: zichape pande zote mbili za karatasi, rasimu zitumike kama karatasi za kuandikia kumbukumbu, na zikijaa ziende kwa mkusanyaji badala ya shimo la taka.

Na juu ya yote, kinachotangulia kuchagua ni kupunguza. Leso ya kitambaa hufanya kazi ya pakiti nyingi za tishu. Kitambaa cha jikoni kilichofuliwa na kuanikwa juani hutosha kufuta meza. Daftari lenye kurasa tupu mwishoni mwa mwaka lina kazi nyingine mwaka unaofuata. Lishonwe pamoja na mengine, litumike kwa hesabu za biashara, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi ambayo haikununuliwa haikukata mti, haikutaka kusafirishwa, wala haitatafutiwa mahali pa kutupwa.

Ndugu wananchi, mkazi akitoka katika mkutano huu abebe mambo machache. Apunguze matumizi ya karatasi pale ambapo kitambaa kinatosha. Anunuapo karatasi ya kutumika mara moja, atafute asilimia ya urejelezaji, apime kwa mzani, asihukumu kwa weupe. Karatasi iliyokwisha kutumika aiweke kavu, aitenge, na ampe au amuuzie mkusanyaji. Mambo hayo hayahitaji mtaji wala semina.

Mwenye swali kuhusu utenganishaji wa taka au siku za ukusanyaji katika kitongoji chake afike Ofisi ya Mtendaji wa Kata saa za kazi. Mwenye dukani mwake bidhaa za karatasi zilizorejelezwa aziweke mahali zinapoonekana na aandike asilimia kwa kalamu kubwa, maana mteja hawezi kuchagua asichokiona.